Maswali ya Wasomaji: Mtoto aliye chini ya dawati na mafunzo ya mwalimu wake

Barua za mwezi huu zimetoka Pemba kwa wingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mwalimu afundishwe nini, na afundishwe vipi, ili aweze kuwashika vizuri watoto waliopitia mambo mazito na wale ambao ubongo wao unafanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya wengi. Nimechagua tano. Majina ya watu na ya skuli nimeyaondoa, na palipokuwa na jambo la kumtambulisha mtoto nimelificha.

Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mshauri wa walimu katika Wilaya ya Wete. Nimepewa kazi ya kuendesha mafunzo ya siku tatu kwa walimu 40 wa msingi na sekondari kuhusu watoto wenye kiwewe na watoto wenye usonji na hali nyengine za aina hiyo. Nimeletewa slaidi 112 zilizojaa picha za ubongo. Mwaka juzi yalifanyika mafunzo kama haya, na walimu waliporudi skuli kila mtoto mtundu akawa "ana usonji" na kila aliyenyamaza akawa "ana kiwewe". Sitaki nirudie hayo. Nianzie wapi?
*Mshauri wa walimu, Wete*

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Anza na hizo slaidi: bakisha sita, zilizobaki zihifadhi. Katika hizo sita eleza jambo moja tu la ubongo, nalo ni lile litakalomfaa mwalimu Jumatatu asubuhi. Mtu anapohisi hatari, sehemu ndogo iliyomo ndani ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu kabla akili haijapima. Mwili hutoa adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza, na ile sehemu ya mbele iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo inayopima maneno, kukumbuka maagizo na kuuzuia ulimi, ikapungukiwa na nguvu. Mtoto aliye katika hali hiyo hupigana, au hukimbia, au huganda. Mwalimu anayemsimamia na kumuuliza "kwa nini umefanya hivi?" anabisha hodi kwenye nyumba ambayo kwa dakika hizo haina mtu. Anayepigana na anayekimbia tunawaona upesi kwa sababu wanatuudhi. Anayeganda ndiye tunayempoteza, kwani kwetu mtoto asiyesema na asiyenyanyua macho huandikiwa kwenye ripoti kwamba ana adabu.

Kisha watenganishie mambo mawili ambayo mafunzo mengi huyafunga kitita kimoja. Kiwewe ni kidonda: kimeletwa na tukio, au na matukio yaliyojirudia nyumbani, njiani au hapo hapo skuli, na kwa msaada na muda kinaweza kupona. Usonji (namna nyengine ya kuhusiana na watu na ya kuhisi sauti na vitu), disleksia (taabu ya kusoma) na ile hali ya upungufu wa umakini unaoambatana na kutotulia ni maumbile. Mtoto amezaliwa nayo na mara nyingi atakuwa nayo ukubwani, na kazi ya mwalimu ni kuyasogeza mazingira yamkaribie. Ndugu wawili waliolala nyumba moja usiku mmoja wa msiba wanaweza kuamka mmoja ana kidonda na mwengine hana. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kwa sababu huyo mwenye ubongo wa namna yake ndiye anayechekwa, anayepigwa na kupachikwa majina, na kidonda kikamfuata hapo. Ukiwatazama darasani, aliyeshtuka na aliyezaliwa hivyo hufanana mno: wote wawili hawatulii, wote wawili hushtuliwa na kelele, wote wawili husahau agizo la pili kabla hujamaliza la tatu. Daktari bingwa huhitaji muda mrefu kuwatenganisha, kwa hivyo mwalimu asibebeshwe kazi hiyo.

Kosa la mafunzo ya mwaka juzi, kwa ninavyoliona, ni kwamba yalifundisha majina. Mtu aliyepewa jina jipya hutafuta wa kumpachika. Wewe weka sharti ukumbini kwamba kwa siku nzima ya kwanza hakuna atakayetamka jina la hali yoyote. Kila mwalimu amlete mtoto mmoja kichwani mwake na amweleze bila kivumishi hata kimoja. Sharti hili lina ugumu usiotarajiwa. Niliwahi kumsikiliza mwalimu mwenye miaka zaidi ya 20 kazini akijaribu. Alianza na "ni mvivu", tukamrudisha. Akasema "hajali", tukamrudisha. Akasema "anajifanya hasikii", tukamrudisha. Mara ya nne alifumba macho kidogo, akasema: "Anasoma kwa sauti, ananyamaza katikati ya sentensi, kope zinapepesa, nahesabu moja mpaka kumi, halafu anaendelea pale pale kama kwamba hakuna kitu. Kwa siku inamtokea mara nyingi." Ukumbi ukanyamaza. Aliyekuwa amekaa kando yangu, muuguzi, alimwambia ampeleke mtoto yule hospitali, na kweli kilikuwa kifafa, kile kisichomwangusha mtu. Mwaka mzima mtoto alikuwa akichapwa kwa uvivu.

Katika bahasha yako huenda ukakuta pia fomu ya maswali kumi kuhusu mateso ya utotoni, ambayo asili yake ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 na Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao. Utafiti ule ni muhimu, kwani ulionesha jinsi maumivu ya utotoni yanavyofungamana na maradhi ya ukubwani. Lakini walioulizwa walikuwa watu wazima na lengo lilikuwa kuiangalia jamii kwa jumla. Fomu hiyo isitumike kumpigia mtoto alama. Mwalimu wa Kidato cha 1 akianza kuwauliza watoto nani amepigwa nyumbani na nani mzazi wake kafungwa, atafungua vidonda asivyoweza kuvifunga, na kabla ya magharibi habari zitakuwa zimefika barazani.

Siku ya pili iwe ya vitendo. Zoezi ninalolipenda halina gharama: wape washiriki karatasi, waambie waandike kwa mkono wa kushoto maagizo matano utakayoyasema mara moja kwa haraka, huku redio inaunguruma na mwenzako anagonga kipande cha bati, kisha zikusanye karatasi, zisahihishe kwa kalamu nyekundu na usome alama mbele ya wote. Nimeona mwalimu mkuu mtu mzima akiweka kalamu chini na kukataa kuendelea. Hapo ndipo uulize: ungesaidiwa na nini? Watakutajia wenyewe. Agizo moja moja. Liandikwe ubaoni. Bati linyamaze. Muda uongezwe. Nisisomewe alama mbele za watu. Hayo ndiyo yaliyomo katika slaidi zako kuanzia ya 60 mpaka ya 90, tofauti ni kwamba sasa wameyatoa wao.

Jambo moja usilifanye: usiwaombe washiriki wasimulie vidonda vyao wenyewe ukumbini ili "kuvunja ukimya". Katika walimu 40 wa Pemba, tazama ni wangapi walipoteza mtu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikija huku na watu waliokuwa wakirejea baada ya Sikukuu. Miili iliyopatikana ilikuwa takriban 200, na wengi zaidi hawakuonekana tena, kwa hivyo zipo nyumba zisizo na kaburi la kwenda kuzuru. Mimi nilikuwa nikisomesha wakati ule. Miezi miwili baadaye, bila kufikiri, niliandika ubaoni kichwa cha insha ambacho nilikuwa nikikitumia kila mwaka: "Safari yangu ya meli." Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliandika tarehe, akaandika kichwa, akaanza kuchonga penseli. Aliichonga mpaka ikabaki kipande kisichoshikika, unga wake umejaa juu ya daftari, na mimi nikamsimamisha kwa kuchelewesha kazi. Shangazi yake ndiye aliyekuja kuniambia mama yake alikuwa ndani ya meli ile. Tangu siku hiyo insha zangu zina vichwa viwili, na mtoto huchagua. Ukiwafundisha walimu jambo hili moja, kwamba huwezi kujua kila kinachomwamsha mtoto kumbukumbu lakini unaweza kumpa njia ya pili, utakuwa umewapa kitu cha kuondoka nacho.

Siku ya tatu iondoe ukumbini. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa Marekani, tangu miaka ya 1980 wameonesha kwamba maelezo na hata maonesho peke yake hufika darasani kwa uchache sana, na kwamba kinachoyafikisha ni mwalimu kusindikizwa anapojaribu, mara kwa mara, na mtu anayemtazama bila kumhukumu. Kwa hivyo igawe bajeti ya siku hiyo iwe ziara: walimu wawili wawili wa skuli moja watazamane kipindi kimoja kwa wiki, kwa wiki sita, na wewe upite mara mbili. Najua ugumu ulipo. Kukaa ukumbini kuna posho, kutazamana vipindi hakuna, na kwa sababu hiyo sehemu iliyo muhimu ndiyo huachwa nje ya bajeti. Pigania angalau nauli. Na walimu wakuu wawepo siku ya kwanza mpaka mwisho, wasije kufungua mafunzo na kuondoka, maana kengele, ratiba na bakora zimo mikononi mwao.

Nina darasa la 3 lenye watoto 86. Mtoto mmoja wa kiume, miaka 9, kengele ikipigwa huingia chini ya dawati akaziba masikio, na kumtoa ni kazi. Kengele yetu ni ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe nje ya darasa. Baba yake alipotea baharini mwaka jana. Wenzangu wanasema ana shetani. Mimi baada ya semina naona ni usonji, lakini mwezeshaji aliposikia habari za baba alisema ni kiwewe. Ni kipi katika hivyo?
*Mwalimu, Micheweni*

Sijui, Mwalimu, na hata ningekaa darasani kwako wiki nzima nisingejua. Ila kuna maswali matatu yatakayokupunguzia kiza, na mwenye majibu ni mama yake. Alianza lini? Hutokea wapi? Hutulizwa na nini? Ukiambiwa kwamba tangu mchanga alikuwa akilia mashine ya kukuna nazi inapowashwa, kwamba hata kitambaa cha sare humkera, kwamba hupanga vitu vyake kwa mstari na asitake viguswe, basi huenda haya ni maumbile yaliyokuwepo kabla ya msiba. Ukiambiwa alikuwa mtoto wa kucheza ngoma na kupiga makopo, na mambo yamebadilika tangu habari za baba zilipofika, na kwamba usiku huamka akipiga kelele, basi kidonda kina nafasi kubwa. Muulize pia habari za masikio, kama yanatoa usaha au yanauma, maana sikio bovu huweza kumfanya mtoto aonekane na kila aina ya matatizo. Nenda kwa mama jioni, ukae naye mkekani, usiende na fomu wala kalamu. Eda yake imekwisha lakini msiba ambao mwili haukupatikana hauna siku ya kumalizika, kwa hivyo yeye naye anahitaji kuulizwa hali yake kabla ya ya mwanawe.

Kuhusu shetani, mimi sibishani na wenzako. Hata mwenye shetani hastahiki kengele ya kumpasua masikio. Wao wamsomee, wewe shughulikia ringi.

Na usisubiri jibu ndipo uanze. Ringi ihamishiwe mwembe wa mbali, au igongwe kwa kijiti cha mti badala ya nondo. Dakika moja kabla ya kengele, mguse dawati, usimguse yeye, umwoneshe kidole kimoja: hiyo iwe alama yenu. Mfahamishe kwamba mlangoni pana nafasi yake na anaweza kutoka akasimama barazani mpaka sauti iishe, bila kuomba ruhusa. Wiki kadhaa zikipita akiwa ametulia, mwulize kama angependa siku moja ashike yeye kijiti. Akikataa, yaishe. Akikubali, utaona tofauti, kwa sababu sauti anayoitoa mtu mwenyewe haimvamii kama ile inayomjia kwa ghafla.

Utaniambia una wengine 85. Hapana shaka. Ndiyo maana yaliyo mengi katika haya ni bora ufanye kwa darasa zima: andika ubaoni kila asubuhi mpangilio wa siku, ufute kila kipindi kinapomalizika, na mpangilio ukibadilika sema mapema. Masika, mvua inapopiga bati na hakuna anayemsikia mwenzake, wape kazi ya kuandika au kuchora kimya badala ya kushindana na mvua kwa koo lako. Hakuna mtoto atakayeharibika kwa hayo, na wapo wengine darasani mwako wanaoyahitaji ambao bado hawajaingia chini ya dawati. Akiwa baada ya miezi miwili hajapata nafuu, au akianza kujiumiza au kukataa chakula, mwalimu wa elimu mjumuisho wa wilaya akusaidie kumfikisha hospitali ya Chake Chake, na barua yako iwe na yale uliyoyaona kwa macho tu.

Mwanangu, mjukuu wangu ana miaka 12. Chuoni amehifadhi juzuu mbili za Qur'ani kwa kusikia na ustadh wake anamsifu. Skuli kitabu cha Kiswahili kinamshinda, anasoma neno moja moja kama mtu anayepanda mnazi, na mwalimu amemwita mvivu mbele ya wenzake. Kombe la aya nimemnywesha. Macho yake yapo sawa, tumepima. Nifanye nini tena?
*Bibi, Mkoani*

Shikamoo, Bi Mkubwa. Umeniandikia maelezo ambayo wakaguzi wengi wasingeweza kuyatoa. Mtoto anayehifadhi juzuu mbili kwa masikio hana upungufu wa akili, hana uvivu na hana tatizo la kumbukumbu. Mwenendo unaousema unafanana na disleksia, hali ambayo ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake kwa haraka. Kiswahili chetu kila herufi husomwa kama ilivyoandikwa, kwa hivyo mtoto wa namna hii mara nyingi husoma sawa lakini kwa taratibu ya kuchosha, na watu huiona taratibu hiyo kuwa uzembe. Kiingereza kikija, ambacho maandishi na sauti hugombana, ndipo huzama kabisa.

Kombe halina ugomvi na haya, endelea nalo likikutuliza. Lakini nenda kwa mwalimu wake, umchukue na ustadh kama atakubali, ili mwalimu asikie kutoka kwa mwalimu mwenzake uwezo wa mtoto huyu. Mwombe mambo manne: asimwinue ghafla kusoma mbele ya darasa, ampe kipande cha kusoma siku moja kabla ili ajiandae nyumbani, amruhusu baadhi ya majibu ayatoe kwa mdomo, na arudi naye kwenye silabi, kwa kupiga makofi, bila kuona aibu kwamba ni kazi ya darasa la 1. Kuhusu mtihani, mwalimu mkuu aandikiwe mapema kuomba muda wa ziada. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unaitaka nchi ihakikishe mwanafunzi mwenye ulemavu anafanyiwa marekebisho yanayofaa, kwa hivyo hutakuwa umeomba hisani.

Walimu wa siku hizi wanafundishwa wasipige, wabembeleze. Sisi tumelelewa kwa bakora na tumetoka watu. Huku si kuwadekeza?
*Ustadh, Konde*

Ustadh, swali lako nimelisikia katika kila ukumbi niliowahi kuingia, na walio wengi wanalo moyoni hata wasipolisema. Nakubaliana nawe katika jambo moja, kwamba mtoto akiachwa bila mipaka huharibika, na mtoto mwenye kiwewe ndiye anayeharibika zaidi, kwa sababu asichokijua kinachofuata humtisha. Anahitaji mwalimu ambaye neno lake la Jumamosi ni lile lile la Jumatano. Bakora haina sifa hiyo. Huja kwa kiasi cha hasira ya anayeishika, humkuta mtoto ambaye tayari mwili wake umo katika hatari, na humfundisha kuwa hatari yenyewe ndiyo mwalimu. Aliyeganda ataganda zaidi, nasi tutasema amenyooka.

Unakumbuka, na wewe ndiye uliyewasomesha wengine hadithi hii, yule bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walipomkemea, Mtume (S.A.W.) aliwazuia, akaachwa amalize, pakamwagiwa maji, kisha ndipo akaelezwa kwamba misikiti haikuwekwa kwa ajili hiyo. Tazama mpangilio wake: kwanza mtu ametulizwa, kisha pamesafishwa, kisha amefundishwa, na sheria ya msikiti haikulegezwa hata kidogo. Mtoto aliyemwaga wino kwa hasira naye atulie, aufute mwenyewe, kisha aambiwe.

Msichana wa Kidato cha 2 alibaki nyuma baada ya kipindi akaniambia anayofanyiwa na mtu wa nyumbani kwao. Nilimwahidi kwamba sitamwambia yeyote. Leo ni siku ya nne, silali, na chakula hakipiti. Katika mafunzo yetu tuliambiwa tujenge uaminifu na watoto, hatukuambiwa la kufanya wakishatuamini.
*Mwalimu wa kike, Unguja*

Mwalimu, barua yako nimeijibu kwa simu siku ile ile niliyoipata, na ninaichapisha kwa idhini yako kwa sababu ya sentensi yako ya mwisho, ambayo kila anayeandaa mafunzo haya angeibandika ukutani. Kumfundisha mwalimu kusikiliza bila kumfundisha pa kupeleka alichosikia ni kumtwika mzigo na kumwachia njiani. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwaka 2011 umejengwa juu ya maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Semina zetu huishia kwenye la pili.

Kwa faida ya wengine nirudie niliyokwambia. Ahadi ya kunyamaza haitolewi, hata mtoto akilia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamtaka mwenye taarifa kwamba mtoto anadhurika aifikishe kwenye mamlaka, na mwalimu hakuvuliwa wajibu huo. Usimhoji mtoto; aliyoyasema yanatosha, na kila anapotakiwa kurudia anaumia upya. Usiende kwanza nyumbani kwao, wala usikubali jambo lichukuliwe na wazee wa familia likamalizwe kwa suluhu, maana suluhu za namna hiyo huwapatanisha watu wazima na kumwacha mtoto chumba kile kile. Mpeleke kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo hospitali, ambako daktari, polisi, mshauri nasaha na ustawi wa jamii hukutana pamoja. Au piga 116, namba ya bure ya simu ya watoto. Likiwa ni tendo la kujamiiana lililotokea karibuni, wahi: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72. Zikipita saa hizo, bado aende.

Na usingizi wako je? Hiyo ni hali ya mtu aliyebeba maumivu ya mwengine, na hutokea kwa walimu, wauguzi na hata makarani wa mahakama. Mtafute mwalimu mmoja mnayeaminiana, umsimulie yaliyokupata wewe bila kumtaja mtoto. Wiki mbili zikipita hujapata usingizi, nenda ukaonane na mshauri nasaha kama ambavyo ungelikwenda kwa homa.

Lakini kabla ya kumpeleka popote, mwite yeye kwanza, mkae mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, umwambie kwa maneno mepesi: "Nilikuahidi jambo ambalo sikutakiwa kuliahidi. Nakuamini. Hukukosa. Wapo watu ambao kazi yao ni kulikomesha hili, nitawaambia wao tu, na tutakwenda pamoja." Kisha nyamaza. Atalia, au atakukasirikia, au ataangalia chini. Wewe baki hapo hapo umekaa.